Halwa ya Punda

14 Oktoba

Meli ya kwanza ya msimu imefunga gati leo alfajiri, nyeupe, ndefu kuupita mtaa wetu mzima wa Matrah, hapa Muscat. Jua bado kali, watalii wanawiva kabla hawajafika sokoni. Nimewaona kupitia upenyo wa pazia, kwa sababu mahali pangu ni nyuma ya pazia. Nafungasha. Halwa kwenye makopo, ubani kwenye vifuko, utepe mwekundu, fundo, kisha jingine. Mbele anakaa Bi Aliya mwenye duka, na mwanawe Safwan huja saa tisa akitoka ofisini kwake, serikalini.

Daftari hili nimepewa na duka la dawa la Ruwi. Ni shajara ya mwaka jana, siku hazilingani na tarehe, kwa hiyo nitaandika tarehe tu, siku zijijue zenyewe. Nataka kuuandika msimu wote, na sababu ni moja. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Machi, na Bi Aliya amesema ndipo atakapoamua: ama nitoke nyuma ya pazia nikauze mbele, ama tuagane. Tukiagana, kinachoningoja ni Azaiba, kwenye majiko ya watu, nilikosugua masufuria miaka minne. Mimi Benedikta wa Songea, mwenye Kiswahili, Kingoni, Kiingereza, Kijerumani cha jikoni na Kiarabu cha sokoni, sirudi kusugua masufuria. Nimeandika ili nisijisahau.

16 Oktoba

Joto. Makopo sabini. Kidole gumba kinauma.

19 Oktoba

Leo nimetoka nyuma ya pazia bila kuitwa, na sijuti.

Safwan alileta bango jipya jana, jekundu, herufi kubwa kama za hospitali: GIFT FOR YOUR FAMILY. Akabandika na vibandiko kwenye kila kopo, GIFT, GIFT, GIFT. Asubuhi ikaja meli ya Wajerumani. Wakasimama mlangoni, wakasoma, wakacheka mpaka mzee mmoja akashika ukuta. Wakalipiga picha bango, wakaenda zao. Wakaja wengine, wakacheka, wakapiga picha. Kufika adhuhuri Bi Aliya ameuza vifuko viwili vya ubani na hakuna halwa iliyotoka.

Sasa mimi kabla ya kuja Muscat nilipika miaka saba kwenye hospitali ya misheni, na mkuu wa jiko alikuwa Sista Ludgera, Mjerumani, Mungu amweke pema. Kwenye kona ya stoo palikuwa na kabati dogo lenye kufuli, limechorwa fuvu la kichwa, na chini ya fuvu pameandikwa kwa mkono wa Sista: GIFT. Ndani mlikuwa na dawa ya panya. Siku yangu ya kwanza niliona neno hilo nikadhani ni zawadi za Krismasi. Nusura nivunje kufuli.

Safwan alipokuja saa tisa nikamwambia, "Kaka Safwan, watu wanacheka kwa sababu umewaandikia sumu."

"Sumu wapi? Gift ni hadiya, mtoto mdogo anajua."

"Kwa Mwingereza hadiya. Kwa Mjerumani sumu. Umewaambia wakawapelekee sumu familia zao."

Akatoa simu akaiuliza. Nikamtazama uso wakati simu inamjibu. Raha ile sikuipata tangu nilipoingia nchi hii.

Bi Aliya akapiga paja. "Ama makubwa! Neno moja, huku hadiya, kule sumu. Ilikuwaje?"

Nikafikiri kidogo, nikamwambia, "Bi Aliya, kwetu mtu akifa ghafla watu wananong'ona, kapewa kitu. Hawasemi kitu gani."

"Hata kwetu Unguja," akasema. "Kapewa. Kalishwa. Basi, imetosha, watu washafahamu."

"Ndiyo hivyo hivyo. Kijerumani kutoa ni geben. Gift ni kile ulichopewa. Mwingereza kapewa kizuri, Mjerumani kapewa kibaya, na neno lile lile."

Hilo la geben nalijua kwa hakika, Sista alikuwa akilisema siku nzima, gib mir chumvi, nipe chumvi, gib mir mwiko. Lililobaki nimelikisia, lakini nimelikisia vizuri. Bi Aliya akamgeukia mwanawe. "Tokea leo, bango halipandi hapa mpaka Benedikta alione." Nimerudi nyuma ya pazia nikafungasha makopo arobaini bila kuhisi kidole.

25 Oktoba

Nimekumbuka lingine. Kwa Kijerumani "Rat" ni shauri. Kwa Kiingereza ni panya. Kwa hiyo Mjerumani akikuletea shauri Mwingereza anaona panya, na Mwingereza akikuletea zawadi Mjerumani anaona sumu ya kumuulia. Nimecheka peke yangu mpaka Bi Aliya akauliza kuna nini huko nyuma.

3 Novemba

Siku hizi wakija Wazungu wasio Waingereza, Bi Aliya huita, "Benedikta, hebu njoo." Natoka, nafuta mikono, nasimama mbele dakika kumi, narudi. Dakika kumi si haba.

Leo amekuja mama wa Kitaliano, ameketi kwenye kiti cha wageni ameukumbatia mkoba, anasema, "Caldo, caldo." Nikawaza haraka, nami nikiwaza haraka sikosei: Mjerumani akisikia baridi husema kalt, Mwingereza husema cold, basi caldo ni baridi tu, maskini mama wa watu kiyoyozi kimemzidi. Nikazima kiyoyozi. Nikamfunika shali ya Bi Aliya. Akawa anazidi kusema caldo, nami nazidi kumfunika.

Caldo ni joto. Mumewe ndiye aliyekuja kumwokoa.

Bi Aliya amecheka mpaka kikohozi kikampata. Nami nimelisamehe neno hilo. Kosa moja kwa mwezi si kitu.

12 Novemba

Mchana walikuja mashoga wa Bi Aliya, wanawake watatu wa Kiunguja waliozeekea Muscat, wakanywa kahawa, wakala halwa, wakasengenya kwa Kiswahili na wakaomba dua kwa Kiarabu. Walipotaka kwenda hawakuaga kama sisi. Mkubwa wao alisema, "Haya Aliya, tupe rukhsa." Bi Aliya naye akajibu, "Rukhsa," kwa upole, kana kwamba kweli asingejibu wangebaki wamekaa mpaka kesho.

Nimelipenda. Kwetu ruhusa unapewa hospitali ukipona, au kazini ukifiwa. Kumbe kwa hawa ni adabu: anayekwenda huomba, anayebaki hutoa. Nimeliandika kwenye ukurasa wa maneno, mwisho wa daftari. Rukhsa: wanampa anayeondoka.

28 Novemba

Meli mbili siku moja. Sina nguvu za kuandika.

9 Desemba

Bi Aliya amenipa maka peni na kadi nyeupe, niandike maelezo ya halwa kwa kila lugha, zikae mbele ya sahani ya kuonjea. Watalii hupenda kujua wanachokula. Kiingereza tayari, Kijerumani tayari. Leo Mtaliano mmoja mpishi ameonja, akafumba macho, akaniuliza ndani kuna mafuta gani. Nikamwonyesha kopo la samli. Akasema kwao siagi ni burro, ya kuyeyushwa nayo ni burro vile vile, akanisahihishia kadi kwa mkono wake: Halwa con burro e zafferano. Halwa kwa samli na zaafarani.

Safwan akasema, "Na ya Kihispania? Niiulize simu?"

"Simu iache ipumzike," nikamwambia. "Mtaliano 'na' husema con. Mhispania husema con. Zaafarani haiko mbali. Hao ni watoto wa tumbo moja, kadi moja inawatosha."

"Una hakika?"

Huyu aliyewauzia Wajerumani sumu ananiuliza mimi kama nina hakika. Nikaibandika kadi mwenyewe.

22 Desemba

Mvua. Watu wa hapa huomba mvua, lakini soko la Matrah limejengwa kwenye njia ya maji, na milima ikishamwaga, maji hayaulizi duka la nani. Saa nne yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, saa tano kwenye magoti. Tulipandisha makopo kwenye rafu za juu, mimi na Bi Aliya, peke yetu. Mwanamke wa miaka sitini na minane amekunja abaya yake kiunoni, anapokezana makasha nami, hasemi "Benedikta fanya", anasema "haya, lete, haya, jengine".

Kitu cha kwanza alichookoa hakikuwa fedha wala simu. Ilikuwa sufuria ya shaba ya baba yake, ile ambayo halwa hupikiwa mpaka leo. Tulipokaa juu ya kaunta tukingoja maji yapungue alinisimulia. Baba yake alipika halwa Unguja, mtaa wa Malindi, na siku walipoondoka waliacha nyumba na kila kilichokuwamo, lakini mama yake aliivaa sufuria hii kichwani kama kofia mpaka melini. "Watu walimcheka," akasema. "Lakini ndiyo iliyotulea."

Nilikuwa nikimwona tajiri tu, mtu wa kukaa kitini na kuita. Leo nimemwona mtoto mdogo akimfuata mama mwenye sufuria kichwani. Nakiri nilikuwa namhukumu kwa kiti.

25 Desemba

Misa ya Ruwi imejaa mpaka uani. Bi Aliya amenipa kanga. Nimepewa, na si sumu.

11 Januari

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye punda.

Asubuhi ya baridi nzuri, Bi Aliya amevaa sweta na amechangamka. Kiongozi wa watalii kaleta kundi la Wahispania, watu arobaini, kundi kubwa kuliko yote msimu huu, na nyuma yake wengine wangekuja kila wiki. Nikaitwa mbele. Nikapitisha sahani. Wanaonja, wanasifu, wananyonya vidole. Kisha bibi mmoja mwenye miwani akainama akasoma kadi yangu. Akasoma tena. Akaiweka mkononi ile halwa aliyokuwa ameshaitia mdomoni.

"¿Burro?" akasema.

"Yes, yes," nikamjibu kwa furaha. "Burro! Very good burro!"

Wote wakageuka. Mmoja akalia kama punda, hii-ho, hii-ho, na kabla sijaelewa nusu wanacheka na nusu wanatema kwenye karatasi. Kiongozi wao akamwendea Bi Aliya akamuuliza kwa Kiingereza, kwa heshima kabisa, kama ni kweli ndani ya halwa kuna nyama ya punda.

Mjerumani kaona sumu akacheka. Lakini hili halikuwa la kucheka. Uso wa Bi Aliya ulikwisha rangi. "Punda?" akasema. "Punda kwenye halwa ya baba yangu? Astaghfirullah!" Akaichukua kadi akaisoma, na hakuna alichoweza kuona ndani yake, kwa sababu kosa halikuwa kwenye herufi. Kundi likatoka. Jirani yetu Azzam wa duka la majambia alikuwa keshasikia, akapiga kelele ng'ambo ya njia, "Bi Aliya, leo umechinja?" Kufika saa sita soko zima linasema halwa ya punda.

Mimi sikukaa kulia. Nilichukua kopo moja zima na kadi yangu, nikavua viatu vya dukani nikavaa vya kutembelea, nikakimbia barabara ya pwani mpaka karibu na lango la bandari. Nikawakuta wanapiga picha meli. Nikamshika mkono mzee mmoja mrefu ambaye dukani hakucheka wala hakutema, nikamwambia kwa Kiingereza chote nilichonacho: samli. Mafuta ya maziwa ya ng'ombe. Kwa Kitaliano burro. Kwa kwenu sijui. Naomba unisaidie, bibi yangu ataaibika maisha.

Alikuwa mwalimu mstaafu, alifundisha Kilatini miaka thelathini. Akaitazama kadi, akapasuka kwa kicheko, akanikalisha kwenye benchi akanifundisha pale pale. Burro ya Mtaliano imetoka kwenye neno la Kigiriki, jibini la ng'ombe. Burro ya Mhispania ni punda, imetoka kwenye neno la Kilatini la farasi mdogo. Hayana babu mmoja. Yametoka mbali na mbali, yakasuguliwa na midomo ya watu miaka elfu, mpaka yakakutana yamefanana sura. Nikamuuliza na Gift. Akasema nilikisia sawa: hilo ni neno moja lililogawanyika njiani. "Kuna maneno ndugu waliogombana," akasema, "na kuna maneno majirani wanaofanana. Wote wawili watakudanganya, lakini ndugu ndiye hatari zaidi, kwa sababu unamwamini."

Kisha akasimama juu ya benchi, mzee wa watu, akawahutubia wenzake kwa Kihispania. Nikasikia mantequilla, mantequilla. Walirudi nami kumi na wawili. Walinunua, na mmoja alimbusu Bi Aliya mkono.

Kumi na wawili kati ya arobaini. Kiongozi wa watalii hakurudi nao, na saa kumi ametuma ujumbe kwamba makundi yajayo atayapeleka kwingine. Bi Aliya hakunigombeza. Alifuta vumbi kwenye sufuria ya baba yake, akafunga duka mapema. Angenitukana ningejua pa kusimama.

12 Januari

Nimeomba msamaha. Amesema, "Yashapita, mwanangu." Safwan amesema, "Ungeiuliza simu."

24 Januari

Leo imekwisha.

Bi Aliya aliniita mbele wakati duka tupu. Akaketi vizuri, akanikalisha kwenye kiti cha wageni, nikajua. Watu wa pwani wakitaka kukuchoma kisu kwanza wanakukalisha.

"Benedikta, nna neno nataka kukwambia," akasema. "Nimefikiri sana toka siku ile. Nshamwambia Safwan, nakupa rukhsa. Msimu ukisha utoke huko nyuma. Pale hapakufai tena."

Nakupa rukhsa. Anayekwenda hupewa, anayebaki hutoa.

Nilimtazama. Alikuwa anatabasamu. Nikakusanya heshima yangu yote niliyofundwa Songea, nikasema, "Nashukuru sana, Bi Aliya, kwa ruhusa."

"Hata usinishukuru mie," akajibu. "Umejitakia mwenyewe."

Nimejitakia mwenyewe! Nimerudi nyuma ya pazia nikafunga utepe mpaka vidole vikafa ganzi. Nimelia, ndiyo. Sikulia kwa ajili ya kazi tu. Nimelia kwa sababu tulikaa pamoja juu ya kaunta siku ya mvua.

2 Februari

Safwan ametaka picha zangu nne na nakala ya pasi. Nimempa. Wana haraka ya kunikatia tiketi kumbe.

7 Februari

Nimemwambia Paulina baada ya misa. Paulina ni wa Mbinga, tulikuja ndege moja, analea watoto Azaiba. Akasema nyumba ya jirani yao wanatafuta mpishi, watu wazuri, wanahitaji jibu kufika katikati ya Machi. "Ila jiko kubwa," akasema, "na familia ni pana." Nimecheka, maana ningefanya nini. Nimemwambia aniwekee.

19 Februari

Bi Aliya: "Rukhsa yako inachelewa, mwanangu, maofisini kuzito. Vuta subira." Ananifariji kwamba bado hajaweza kunifukuza.

20 Februari

Makopo sitini.

3 Machi

Ramadhani imeingia. Mchana duka limelala, nami nakunywa maji yangu stoo, mbali na macho ya watu. Jana Bi Aliya kanifuata na sahani ya sambusa, kaniambia nikafuturu na wenzangu hata kama sifungi. Siwezi kumwelewa mtu huyu. Angekuwa mbaya moja kwa moja ningepumzika. Nimemjibu "asante" na hakuna zaidi. Siku hizi hatuzungumzi maneno. Haulizi tena "panya" Wajerumani wanamwitaje, nami simwambii.

10 Machi

Nimesema ndiyo Azaiba. Naanza Aprili mosi. Nimefungua ukurasa wa kwanza nikasoma "sirudi". Nimeufunga.

27 Machi

Naandika polepole, nisipitwe na kitu.

Nilifika asubuhi nikiwa nimevaa kanga niliyopewa Krismasi, kwa makusudi, ili aone kwamba sina kinyongo. Uongo, nilikuwa nacho tele. Safwan alikuwapo, alikuwa amechukua likizo ya Idi mapema. Nikaweka ufunguo wa stoo kwenye kaunta.

"Bi Aliya, nimeleta ufunguo. Jumanne naanza Azaiba."

Akautazama ufunguo, akanitazama. "Azaiba kuna nini?"

"Kazi. Jikoni."

"Jikoni?" Sauti yake ilipasuka, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu ile haikuwa sauti ya mtu aliyefukuza. "Mimi nimekukosea nini, Benedikta? Miezi miwili hunizungumzi. Hucheki. Nkajisemea labda ana jambo kwao. Kumbe watafuta kazi kwa watu! Na mie nimemhangaisha mwanangu maofisini kwa ajili yako!"

"Bi Aliya, si wewe uliyenipa ruhusa?"

"Nimekupa, ndiyo!"

"Sasa mtu akishapewa ruhusa anabaki kufanya nini?"

"Anabaki kufanya kazi! Rukhsa ya nini basi kama si ya kazi?"

Tukatazamana kama Mtaliano na Mhispania. Safwan ndiye aliyeelewa kwanza. Akaanza kucheka polepole, akakaa chini. "Mama," akasema, "wewe umesema rukhsa ya Kiarabu. Yeye kasikia ruhusa ya Kiswahili." Akatoa mfukoni kadi ya plastiki, yenye picha yangu, ile niliyopiga nimenuna, akaiweka juu ya ufunguo. Herufi za Kiarabu juu, Kiingereza chini, na jina langu lote. Ilikuwa kibali cha kuuza bandarini. Meza ndani ya jengo la abiria, pale pale wanaposhukia, kabla hawajafika sokoni, na mwenye kusimama pale ni mtu mmoja tu aliyeandikwa.

"Hiki chaitwa rukhsa," Bi Aliya akasema. Alikuwa analia waziwazi. "Nilikwambia utoke huko nyuma. Nilikwambia pazia halikufai tena. Siku ile ya punda, ulivyokimbia barabarani na viatu vya kutembelea, ukanirejeshea watu kumi na wawili, nani angenifanyia? Mwanangu huyu hakimbii hata kuswali."

"Ulisema nimejitakia mwenyewe."

"Umejitakia! Kwa juhudi yako! Nani kakupa? Si mimi!"

Nililia, nikacheka, nikalia. Mimi niliyemcheka Mjerumani na Mwingereza kwa kugombana juu ya neno moja. Mwalimu wa Kilatini aliniambia jirani naye anakudanganya, lakini ndugu ni hatari zaidi kwa sababu unamwamini. Nilidhani anasema habari za Ulaya.

Safwan alisubiri nifute macho. Kisha akasema, taratibu, kama mtu aliyengoja tangu Oktoba, "Ungeiuliza simu."

Nimempa haki yake.

28 Machi

Nimempigia mama wa Azaiba, nimemweleza ukweli wote, punda na rukhsa. Amecheka sana, ameuliza halwa inauzwa wapi. Kazi ile ataichukua binamu wa Paulina.

31 Machi

Idi. Nimekula kwa Bi Aliya, kwenye kiti.

9 Aprili

Meli ya mwisho ya msimu. Joto limerudi, watalii wekundu kama wa Oktoba. Meza yangu iko karibu na mlango wa abiria, kitambaa cheupe, makopo yamepangwa, kadi nne mbele. Ya Kihispania inasema mantequilla. Ya Kitaliano inasema burro. Ziko mwisho huu na mwisho ule wa meza, zisionane. Neno GIFT halipo popote.

Bi Aliya alikuja kunitazama. Alikaa pembeni, hakuita, hakuamuru, alinitazama tu nikimwelezea bibi mmoja wa Kijerumani kwa nini kwa lugha yake zawadi ni sumu, na bibi yule akanunua makopo matatu, moja akasema ni la mkwewe. Jua lilipofika kwenye kioo, Bi Aliya alianza kujipepea kwa ncha ya shela. Akasimama. Nikamngojea aende. Hakwenda. Alishika mkoba wake kwa mikono miwili, mbele ya meza yangu, kama walivyosimama mashoga zake dukani siku ile ya kahawa.

"Haya Benedikta," akasema. "Nipe rukhsa, nende zangu."

Nikampa.